Bunduki iliyokwama si bunduki iliyokufa

Mambo ambayo mkaazi wa Muhuru Bay anafaa kujua kabla ya kuigusa, kuirekebisha au kuificha silaha

Tuchukue mfano ambao unaweza kutokea katika boma lolote kati ya Muhuru Bay na Karungu. Kijana amepanda kwenye paa la nyumba ya nyanya yake kubadilisha mabati yaliyotoboka kabla mvua ya masika haijaanza. Juu ya boriti anakuta kitu kirefu, kizito, kimeviringishwa ndani ya gunia na kufungwa kwa kamba ya nyavu.

"Dani, hii bunde ni ya nani?"

"Ilikuwa ya marehemu babu yako. Iache hapo, mjukuu wangu. Iliharibika zamani, wala hailii tena."

Kijana huyu si mjinga. Ameshafungua injini ya boti mara kadhaa na ikawaka. Pikipiki ya jirani ikizima, yeye ndiye huitwa. Anajiambia kwamba chuma ni chuma: kitu kilichokwama hufunguliwa, hupanguswa, hutiwa oili kidogo, kikaenda. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Injini ya boti iliyokwama haiwezi kumuua mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta. Bunduki iliyokwama inaweza.

Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, sheria inasema nini, na hatua za kuchukua ukikuta silaha nyumbani, shambani au ndani ya wavu wako. Pia yana sehemu ya mwananchi mwenye cheti halali ambaye ndio kwanza anajifunza kutunza silaha yake.

Kwa nini serikali ya kaunti inalizungumzia jambo hili?

Ni kweli kwamba chini ya Katiba ya mwaka 2010, polisi na usalama wa taifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi leseni za silaha wala haina ghala la bunduki. Lakini hospitali, zahanati na magari ya wagonjwa ni kazi ya kaunti, na mtu aliyepigwa risasi huletwa kwetu kwanza. Shule za chekechea ni za kaunti, na watoto ndio hucheza na kila wanachookota. Uvuvi nao umegatuliwa, na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo sote tunaziita BMU, ndizo huwa za kwanza kusikia jambo lolote lililotokea ziwani. Vilevile tunaishi mpakani. Kutoka Muhuru hadi upande wa Shirati, Tanzania, ni mwendo mfupi, na ziwa halina ukuta. Habari sahihi ni kinga ambayo kaunti inaweza kuitoa bila kuvuka mipaka ya kazi yake.

Bunduki inayojipakia yenyewe hufanyaje kazi?

Huhitaji kuwa askari ili kuelewa hatari. Inatosha kujua mambo machache.

Risasi moja nzima ina sehemu nne: ganda la chuma, baruti iliyo ndani ya ganda, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, na kichwa cha risasi kinachoruka. Mtu akivuta kifyatulio, pini hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na moshi wenye nguvu nyingi husukuma kichwa cha risasi kupitia mtutu.

Katika bunduki ya zamani ya kuwindia, mwenye bunduki hulazimika kuvuta chuma kwa mkono ili kutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine. Bunduki ya nusu-otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe, hufanya kazi hiyo bila mkono wa mtu. Nguvu ya risasi iliyotoka hurudisha nyuma kile chuma kinachoitwa bolti, ganda tupu hutupwa nje, kisha springi huisukuma bolti mbele tena, nayo huichukua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja, na nyingine huwa tayari imeshaingia. Bastola nyingi za kisasa nazo hufanya kazi kwa njia hii.

Kutokana na hapo, kuna jambo moja ambalo kila mtu, hata asiyewahi kushika silaha, anafaa kulijua: kuondoa magazini hakuitoi risasi iliyo chemba. Magazini inaweza kuwa mezani, bunduki ikaonekana tupu, na bado risasi moja ikawa imekaa ndani ikisubiri kuguswa. Ajali nyingi za "sikujua ina risasi" duniani kote hutokana na kosa hili moja.

"Imekwama" maana yake nini hasa?

Mtu akisema bunduki imekwama au imeharibika, anaweza kuwa anazungumzia mojawapo ya hali hizi. Kwa macho ya mtu asiye na mafunzo zote hufanana, lakini hatari zake ni tofauti.

Ya kwanza ni ganda tupu kushindwa kutoka vizuri, likabanwa na bolti. Mtu hulikazania ganda, hulivuta na kuligonga, bila kujua kwamba risasi nyingine nzima inaweza kuwa iko nyuma yake, na kwamba bolti ikiachiliwa itaisukuma risasi hiyo ndani.

Ya pili ni risasi iliyogongwa ikakataa kulia. Wakati mwingine fataki huwaka polepole, na risasi hulia baada ya kuchelewa kidogo. Aliyegeuza mdomo wa mtutu ili achungulie kuna nini ndiye hupata majibu mabaya. Kwa sababu hii watu waliofunzwa hushika silaha ikiwa imeelekea upande salama na kusubiri kwa muda usiopungua sekunde 30 kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Ya tatu ni risasi iliyolia kwa sauti hafifu, kama chupa iliyozibuliwa. Hapo baruti ilikosa nguvu, na kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu. Risasi ya pili ikipigwa nyuma ya hiyo, mtutu unaweza kupasuka usoni mwa aliyeishika.

Ya nne ni mtutu ulioziba kwa tope, mchanga, maji au nyumba ya nyigu. Hii inatuhusu sana sisi wa ziwani. Silaha iliyolala majini au darini kwa miaka inaweza kuwa na chochote ndani, na kizuizi kidogo tu kinatosha kuupasua mtutu.

Ya tano ni kutu na springi zilizochoka. Hewa ya ziwa ina unyevu mwingi. Kutu hula pini, springi na kizuizi cha usalama. Bunduki ya aina hii inaweza kukataa kulia ukivuta kifyatulio, kisha ikalia yenyewe ikianguka sakafuni. Kizuizi cha usalama ni kipande cha chuma kama vingine. Nacho huliwa na kutu.

Kwa hiyo nyanya anaposema "hailii tena", anachosema kwa kweli ni kwamba haikulia mara ya mwisho ilipojaribiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Risasi za kisasa hutengenezwa zikiwa zimezibwa vizuri, na nyingine hubaki hai hata baada ya kukaa miaka mingi au kuloa maji.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Kwa mkaazi wa kawaida, mambo yafuatayo ndiyo muhimu.

Hakuna raia anayeruhusiwa kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha silaha. Vyeti hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, ambayo humchunguza mwombaji na sababu zake. Cheti ni cha mtu aliyetajwa humo na kwa silaha iliyotajwa humo. Hakirithiwi kama shamba, wala hakiazimwi kama jembe. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliagiza wote waliokuwa na vyeti wachunguzwe upya, kwa hiyo karatasi ya zamani iliyobaki kabatini isikupe imani kwamba silaha ni halali.

Bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe, ziwe otomatiki au nusu-otomatiki, zimo katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku kwa raia. Anayepatikana na silaha ya aina hiyo au risasi zake bila idhini anaweza kufungwa kwa kipindi kisichopungua miaka 7 na kisichozidi miaka 15. Kwa silaha nyingine zisizo na cheti, kifungo ni kati ya miaka 5 na 10. Sheria haiulizi kama bunduki ilikuwa inalia vizuri, na kusema "ilikuwa mbovu" hakukutoi hatiani.

Kazi ya kurekebisha silaha nayo ina mwenyewe. Anayefanya biashara ya kutengeneza, kuuza au kukarabati silaha lazima awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha. Fundi wa kuchomelea vyuma sokoni, fundi wa injini ufuoni na mhunzi wa mapanga, hata wawe na mikono mizuri namna gani, hawamo. Ukiwapelekea bunduki, unajiingiza hatarini na kuwaingiza wao pia. Kufuta au kukwaruza nambari ya silaha nako ni kosa.

Wengine huuliza: mbona babu zetu walikuwa nazo? Zamani kulikuwa na wawindaji wenye leseni. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na baada ya hapo sababu ya kuwa na bunduki ya kuwindia ikaondoka katika familia nyingi. Baadhi ya silaha zilirudishwa. Huenda nyingine zilibaki darini na kusahauliwa. Aliyezijua akifariki, aliyebaki huwa na siri asiyoiomba.

Ukikuta silaha, fanya hivi

Kwanza, simama. Usiiguse. Kama tayari umeishika, iweke chini polepole, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu, na kidole kiwe mbali na kifyatulio. Usijaribu kutoa magazini, kuvuta chuma chochote wala kuangalia kama ina risasi. Usichungulie ndani ya mtutu.

Pili, ondoa watu. Watoto waende nyumba nyingine. Mlango ufungwe. Kama ni nje, mtu mzima mmoja asimame mbali kidogo awazuie wapita njia. Kumbuka kwamba risasi ya bunduki inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, na ukuta wa udongo au wa mabati hauizuii.

Tatu, toa habari upesi. Piga 999 au 112, ambazo ni nambari za dharura za polisi, au nenda kwa chifu, naibu wa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Unaweza pia kumpitia mzee wa Nyumba Kumi. Anayeogopa kujulikana anaweza kupiga nambari ya bure ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, 0800 722 203.

Nne, eleza kwa usahihi: iko wapi, uliikuta lini, nani ameigusa na nani mwingine anajua. Usiongeze na usipunguze.

Tano, waache polisi waje kuichukua. Usiifunge kwenye pikipiki ukaipeleka mwenyewe. Ukikutwa nayo njiani, utakuwa na maelezo marefu ya kutoa, na barabara ya mashimo si mahali pa kubebea kitu ambacho kikianguka kinaweza kulia.

Na haya usiyafanye kabisa: usiitupe ziwani, usiifukie, usiitumbukize chooni, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na usizitupe risasi motoni. Risasi iliyochomwa hulipuka, na vipande vya ganda huruka kila upande. Bunduki iliyotupwa ziwani leo inaweza kutoka kesho katika wavu wa mtoto wa jirani yako.

Wapo wanaoogopa kwamba wakienda polisi watashikwa wao. Hofu hiyo inaeleweka, na hatuwezi kuwaahidi wakaazi jambo ambalo si letu kuahidi. Lakini pima mwenyewe. Mtu aliyekuja siku ile ile, akiwa na chifu au mzee wa kijiji, akasema "tumekuta kitu hiki darini", hasimami mahali pamoja na mtu ambaye silaha imekutwa chini ya kitanda chake baada ya miezi 6. Mara kwa mara serikali ya kitaifa hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Usingoje tangazo kama silaha tayari iko nyumbani kwako. Ukitaka, nenda na wakili, kiongozi wa dini au mwakilishi wa BMU.

Kwa wavuvi na kamati za fuo

Silaha ikipanda na wavu, usiikung'ute kama unavyokung'uta magugu. Kama inaweza kuachwa ndani ya wavu bila kuzamisha boti, iache ilivyo, mdomo ukielekea nje ya boti, mbali na boti nyingine. Watu wakae nyuma yake. Mwiteni mwenyekiti wa BMU kwa simu kabla ya kufika ufuoni, ili watu waondolewe sehemu ya kutulia na polisi waitwe.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji hayamezi risasi kila mara. Risasi iliyopigwa ikauparaza uso wa maji kwa pembe ndogo huruka tena, kama jiwe ambalo watoto hulirusha likidunda juu ya ziwa. Kwa hiyo mtu anayejaribu silaha "akielekeza majini, ambako hakuna mtu" anaweza kumpiga mvuvi wa omena aliye mbali, ambaye hata hakuonekana gizani.

Majambazi wa ziwani wakikuvamia kutaka injini au samaki na wakawa na bunduki, usipambane nao hata kama unaona silaha yao inakwama. Injini hununuliwa. Kariri umbo la boti, rangi yake na upande waliokoelekea, kisha toa habari ukifika nchi kavu.

Kwa mwenye cheti anayeanza

Kaunti ina wakaazi wachache waliopewa vyeti kwa njia halali. Kama wewe ni mmoja wao na ndio kwanza unaanza, haya ni ya kwako.

Silaha mpya au uliyoizoea kidogo ikikwama mara kwa mara, mara nyingi chanzo si kikubwa. Fundi aliyesajiliwa huanza na maswali matatu. Je, magazini iliingia mpaka mwisho, na midomo yake haijapinda? Je, risasi ni za aina hasa iliyoandikwa kwa silaha hiyo, na si kuukuu? Je, silaha ni safi, bila masizi ya baruti na bila oili iliyozidi? Wanaoanza hudhani oili nyingi ni nzuri. Oili iliyozidi hukamata vumbi na mchanga ikawa tope, na tope hilo ndilo huizuia bolti isirudi mpaka mwisho. Katika hewa ya ziwa, kinachotakiwa ni kupangusa kila baada ya muda mfupi na kuacha oili nyembamba tu juu ya chuma, si kumwaga. Bastola inayojipakia yenyewe pia hukwama ikishikwa kwa mkono mlegevu, maana hukosa kitu imara cha kusukumana nacho inaporudi nyuma.

Risasi zisipofika pale unapolenga, usikimbilie kugeuza vilengeo. Mwache mtu mwingine mwenye uzoefu apige shabaha akitumia silaha hiyo hiyo, mkiwa katika uwanja wa shabaha unaotambuliwa na mkufunzi yupo. Mara nyingi tatizo ni mkono na pumzi ya anayeanza, si chuma. Kama ni kilengeo kweli, kanuni ya kawaida ni kwamba kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi iende, na cha mbele husogezwa upande ulio kinyume. Husogezwa kidogo, kisha hupigwa risasi kadhaa, kisha hupimwa. Kazi hii ni ya uwanjani, si ya uani.

Yaliyo yako ni machache: kusafisha kama ulivyofundishwa, kukagua kwa macho, kutunza risasi pakavu. Yasiyo yako ni haya: kifyatulio, pini, springi, bolti, mtutu na kizuizi cha usalama. Usikilegeze kifyatulio ili kiwe chepesi. Usikate mtutu. Usibadilishe silaha ili ipige namna nyingine. Yote hayo yapeleke kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, na mengine katika haya sheria inayakataza kabisa.

Kabla ya kuisafisha, hakikisha risasi hazimo katika chumba hicho, ondoa magazini kwanza, kisha fungua bolti, tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole kama ulivyofundishwa. Utaratibu huo haubadiliki. Anayevuta bolti kwanza huku magazini ikiwa bado ndani atatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Nyumbani, silaha ikae chini ya kufuli, risasi mahali pengine chini ya kufuli nyingine, na ufunguo usiwe kwenye msumari ambao mtoto wa darasa la tatu anaufikia. Ikipotea au kuibwa, wajulishe polisi bila kuchelewa.

Na mweleze mtu mmoja wa familia unayemwamini kwamba silaha ipo, cheti kiko wapi, na kwamba ukifariki wampigie polisi kabla ya kugawana nguo zako. Hivyo mjukuu wako hataikuta darini ndani ya gunia.

Mtu akijeruhiwa kwa risasi

Hakikisha kwanza silaha imeachwa na hakuna anayeendelea kuishika. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila dakika ili kuangalia. Ikiwa damu inatoka kwa kasi mkononi au mguuni na kubonyeza hakusaidii, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kati yake na kiwiliwili, kaza mpaka damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Usijaribu kuitoa risasi. Mfunike majeruhi asipate baridi na umfikishe hospitali haraka.

Usimchelewesha majeruhi kwa kutafuta fomu ya P3 kwanza. Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Matibabu hutangulia, karatasi hufuata.

Silaha zilizosalimishwa huenda wapi?

Wakaazi wengine huwa na shaka kwamba silaha wanayoitoa itarudi mtaani kwa mlango wa nyuma. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo ndogo, na imekuwa ikiziteketeza hadharani silaha zilizonaswa na zilizosalimishwa. Novemba 2016, silaha 5,250 zilichomwa moto Ngong. Juni 2021 zikateketezwa nyingine 5,144. Kila moja ilikuwa mahali fulani kabla ya hapo: porini, darini, ndani ya gunia.

Maswali yanayoulizwa

Nimeokota risasi moja tu, bila bunduki. Nifanye nini?
Hatua ni zile zile. Risasi bila cheti ni kosa kama bunduki, na mtoto akiigonga kwa jiwe inaweza kulipuka.

Nina picha ya bunduki niliyoikuta. Niitume kwenye kikundi cha WhatsApp niulize ni ya aina gani?
Hapana. Utawaambia wasiofaa kwamba kuna silaha na iko wapi. Waonyeshe polisi.

Ni bunduki ya kienyeji iliyotengenezwa kwa bomba la maji. Nayo ni silaha?
Ndiyo. Na ni hatari hata zaidi kwa anayeishika, kwa sababu bomba la maji halikutengenezwa kuhimili nguvu ya baruti.

Turudi kwa yule kijana na nyanya yake. Katika mfano wetu kijana anashuka kwenye ngazi mikono mitupu. Anawaambia wadogo zake waende kwa mama mkubwa wakacheze huko. Kisha anakaa kando ya nyanya yake, anampigia naibu wa chifu, na kumweleza kilichopo. Mabati yatabadilishwa kesho.

KATA UBANDIKE UKUTANI

1. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, hata iliyooza.
2. Usiiguse, usiifungue, usiijaribu.
3. Ondoa watoto na watu wote.
4. Piga 999 au 112, au mwite chifu.
5. Usiibebe mwenyewe, waache polisi waichukue.